Mabakuli Matatu, Mbwa Wanne

Saa kumi na moja kasoro, kabla spika ya msikiti haijakohoa,
Hayakuhusu anakwaruza mlango wangu.
Jina hilo nililitoa kwa ajili ya mtaa mzima:
walipouliza, mwanamke peke yake, cherehani moja,
mbwa wanne wa nini,
nilimwita mbwa kwa sauti
na jibu likawafikia.

Dona ni yule wa rangi ya unga usiokobolewa.
Salfeti aliletwa na kijana wa bodaboda ndani ya salfeti,
kichwa nje, akiitazama Kinyerezi
kama mpangaji anayekagua chumba.
Na Kesho, huyo nilimdai fundi bomba elfu sitini,
miezi mitatu ya "njoo kesho, dada,"
mwisho akanilipa mtoto wa mbwa.

Mabakuli ni matatu. La nne lilipasuka Pasaka
na sijanunua jingine, ni ukaidi tu,
nataka wajifunze kupishana.
Hawajifunzi.
Vichwa vya samaki wa Feri, pumba, mchuzi wa utumbo:
sufuria linanukia hadi kwa mteja ninayempima kiuno.
"Unapika nini, dada Namsifu?"
"Chakula cha wakubwa."

Furaha yao haiandikiki vizuri.
Ni mkia unaogonga debe la maji, ngo, ngo, ngo,
nikirudi na vitambaa kutoka Kariakoo
kana kwamba nilikuwa vitani.
Ni tumbo la Dona juani, limeachwa wazi, halina siri.
Ni Kesho akiota anakimbia,
miguu yote minne ikishona hewa.

Hofu nazo zina bei.
Kupe nawatoa kwa vidole vilevile vinavyotunga uzi,
nawabana kwa kucha, napiga hesabu:
chanjo ya kichaa kwa wanne ni zipu ngapi,
ni sare ngapi za shule?
Hayakuhusu jicho la kushoto limeingia ukungu,
anagonga mguu wa cherehani
halafu anageuka pembeni kama aliyekusudia.

Mwezi wa kumi mtu alirusha nyama juu ya ukuta.
Nyama nzuri, steki.
Nani anatupa steki kwa bei hii?
Niliimwagia mafuta ya taa, nikaichoma,
nikakesha nikisikiliza matumbo manne.

Jirani yangu Bi Shufaa anaulinda udhu wake,
na mimi sina ugomvi na udhu wa mtu.
Nilipandisha ukuta kozi mbili, nikaziba na tundu la chini.
Tukabaki na salamu za mbali.

Kisha usiku wa fataki za mwaka mpya
Salfeti akaziruka kozi zote mbili.
Nilitembea na tochi ya simu hadi Kifuru,
kanga begani, ndala moja imekatika,
nikiita "Salfeti! Salfeti!"
na walevi wakinijibu gizani,
"Ya mchele au ya mkaa?"
Nilicheka. Huku nalia, nilicheka.

Alfajiri simu ikaita. Bi Shufaa.
"Njoo umchukue mtu wako."

Mtu. Alisema mtu.
Alikuwa chini ya karo lake, anatetemeka kama kioo cha dirisha lori likipita,
na mbele yake, kimesukumwa kwa mpini wa ufagio,
kipande cha mkate wa kumimina, nusu kimeliwa.
Hatukulizungumza.
Yeye alianza kumwaga maji sakafuni,
mimi nikambeba yule mzito, mdomo wake wa iliki
shingoni mwangu.

Bakuli la nne bado sijanunua.

Usiku nahesabu pumzi.
Ya Hayakuhusu ina mluzi mpya, siupendi.
Ya Dona. Ya Salfeti, juu juu, bado anasikia fataki.
Ya nne inachelewa.
Nainua kichwa kwenye mto, nangoja,
mkono kwenye swichi, nangoja,
hadi Kesho anapiga chafya.

Nazima taa.