Daftari la Madeni

Daftari hili lilikuwa la duka la Shekuwe:
safu ya jina, safu ya tarehe, safu ya deni.
Alipofariki zilibaki kurasa arubaini tupu,
na mimi si mtu wa kutupa karatasi.
Basi huandika wanaoingia uani mwangu, hapa Barani,
bila hodi.

Machi ishirini na sita. Kaskazi imechoka.
Kinyonga juu ya mkomamanga, rangi ya jani kavu.
Anadaiwa nzi watatu.
Watoto wa jirani wanamwogopa; mimi namwonea haya,
kwani alinikuta nikisema peke yangu.

Masika yaliingia usiku, juu ya mabati.
Kumbikumbi wakatoka ardhini
kama wageni wa harusi waliokosea nyumba,
wakaizunguka taa, wakavua mbawa mlangoni
kama watu wavuavyo viatu.
Alfajiri nilizifagia, zikajaa ndoo.
Chura wa chini ya mtungi kashiba, hawezi kuruka.
Nimeandika: chura, kalipwa.

Mei sikuandika kitu.
Konokono walikula mchicha wote
na pembe ya ukurasa wa tatu.

Agosti, kusi kali, majani ya mkungu yakaiva,
mekundu kama ulimi wa mla tambuu,
yakianguka moja moja
kama karata zinazopigwa mezani.

Oktoba Somoe alipiga simu kutoka Leicester.
Ana bustani sasa, upana wa majamvi mawili.
Ana na kinungunungu cha kuenea kiganjani,
hunywa maji kisahanini, kisha hulala miezi.
"Miezi?"
"Ndiyo, mama. Baridi."
Akasema miti ya huko imegeuka myekundu,
hujapata kuona mti ukiwaka hivi.
Nikanyamaza. Nikafungua kurasa za mwanzo,
mwandiko wa baba yake, wino wa buluu:
Somoe, pipi mbili. Kalipa jani moja la mkungu.
Somoe, pipi moja. Jani limetoboka. Anadaiwa.
Nikamsomea.
Simu ikawa kimya hata nikadhani salio limekwisha.

Mbayuwayu walifika Novemba,
kumi na mmoja juu ya waya wa stima,
wembamba, wamechakaa mikia.
Sijui wamepita juu ya bustani ya nani.
Nimewaandika majina tu; safu nyingine sikuzigusa,
mtu hadaiwi siku anayofika safari.

Leo chozi anafuma kiota kwenye kamba ya nguo,
utando wa buibui, sufi,
na uzi aliochomoa kwenye leso yangu ya kushindia.
Kamba imeinama kidogo.
Nguo sasa naanika dirishani, majirani wanacheka.
Jina: chozi.
Deni: kamba moja, na uzi.
Penye tarehe nimebandika jani la mkungu,
lile lisilotoboka.