Mstari Ninaouruka

Bibi Shinuna haliwezi jina langu zima.
Mimi humwambia Wakesho. Yeye hulikata kichwa,
hubaki na mkia: "Kesho! Kesho, njoo sasa hivi!"
Nami huja, kesho inayofika leo,
na beseni, na taulo, na mafuta ya habasoda.
Kiswahili chake cha Unguja, cha tangu utotoni,
amekikunja vizuri kama nguo ya harusi kashani.
"Si 'nipatie', mwanangu. Sema 'nipe'."

Ijumaa asubuhi, Nizwa, nasikia mnada wa mbuzi
ng'ambo ya ukuta.
Kanisa liko Ruwi, saa mbili kwa gari nisilo nalo.
Nimefika mara tatu kwa miaka miwili.
Basi kanisa langu ni chumba cha kufulia,
kati ya mashine na gunia la mchele,
saa tano usiku, mlango umerudishwa.

Nyumbani Wundanyi nilikuwa hodari wa kuomba.
Niliomba kwa kishindo hadi mama akasema,
Mghoi, Mungu si kiziwi, wala jirani.
(Mghoi ni jina la kunigombeza.)
Niliombea mvua, ndoa za watu, viza hii.
Nilidhani hiyo ndiyo imani: koo.

Hapa nanong'ona Baba Yetu tu,
na hata hiyo simalizi salama.
Nikifika pale pa kusamehe waliotukosea
naruka, kama mtu arukaye mtaro gizani:
miguu inajua ulipo, macho hayaangalii chini.

Bangili, ndiyo. Dhahabu, nene kama kidole gumba.
Ilipotea mwezi wa Shaabani. Raya, binti yake mkubwa,
alilimwaga sanduku langu sakafuni uani:
sidiria, picha ya mwanangu, daftari la hesabu.
Biblia aliishika mgongo, akaikung'uta
kama mtu akung'utaye kiatu kutafuta nge.
Ikatoka risiti, na jani la mnavu
nililolikausha kwetu.
Hakusema kitu. Nami sikusema.
Nilipiga magoti kuokota vitu vyangu.
Hayakuwa magoti ya sala.

Siku arobaini baadaye, nikibadilisha foronya,
soksi ya Bibi ikaanguka, imefungwa fundo, nzito.
"Nimeificha," akasema, "wasiniibie hawa watoto."
Akacheka bila meno. Nilitaka kucheka naye,
nikashindwa.

Hotuba nilikuwa nayo tayari. Nimeipiga pasi
siku zote arobaini, kila neno na mkunjo wake.
Nikamkuta Raya jikoni, ameegemea friji,
anafuta macho kwa ncha ya shela.
Asubuhi ile mama yake alimuuliza
yeye ni mtoto wa nani.
Nikaiweka bangili mezani, karibu na chumvi.
Hotuba nikarudi nayo.

Hakuomba radhi. Alileta sahani ya halua,
bado ya moto, imejaa lozi,
akaitua juu ya mashine ya kufulia
na kuondoka upesi kama mwenye deni.

Chini ya dirisha kiyoyozi hudondosha maji,
tone, halafu tone, kwenye kopo la maziwa ya unga
nilimotia mbegu za mnavu na kuzisahau.
Zimeota mbili. Moja imepinda.
Sijui kama huku ndiko kukua:
kwa maji ya mashine, kwa jasho la ukuta,
bila mtu wa kupiga makofi.

Usiku ule nilifika mtaroni, sikuruka.
Sikuvuka pia. Nilisimama ukingoni
nikasema nusu ya mstari,
nusu ya pili ikanikwama pamoja na kipande cha lozi.
Halua niliimaliza yote.

Ndipo sauti ya Bibi kutoka chumbani: "Kesho!"
Umesikia, Bwana, nikasema. Hata yeye anajua ni lini.

"Kesho! Njoo sasa."

Nikaenda.