Kabla ya Shule Kufunguliwa

Glasgow hufungua shule katikati ya Agosti.
Saa tatu kasoro za usiku mwanga bado umeegemea dirishani,
nawe hutaki kulala: "Mama, si mchana huu?"
Nimepigilia blanketi kwenye fremu kwa misumari.
Juzi ulilala saa nne kasoro, jana saa tatu u nusu,
leo saa tatu na robo.
Usingizi nao hupimwa kidogo kidogo,
kama sukari ya mwisho wa mwezi.

Sketi nimeipata duka la mitumba, pauni mbili.
Pindo nimelifumua, nikalishona upya,
nikaacha inchi mbili kwa ndani,
maana wewe unarefuka hata ukiwa unapiga mswaki.

Lakini si sketi iliyonikosesha raha.

Unaikumbuka Novemba, ile jioni ya wazazi?
Kiti kidogo, magoti yangu karibu na kidevu.
Bi Drummond alizungumza mpaka chai yake ikapoa,
akiupandisha mkono, akiushusha,
akikutazama wewe, akinitazama mimi.
Ukanigeukia ukasema:
"Anasema niko vizuri."
Maneno yote yale, Mwanasha,
yakaenea ndani ya matatu?

Nikacheka. Nikasema thenkyu mara nne.
Nilijua. Aliyepika miaka ishirini
hutambua chungu kilichopunguzwa kwa kukinyanyua tu.
Nikanyamaza, kwa kuwa kukuuliza
kungekuwa kukiri kwamba sikuambulia kitu.

Bahasha ya Juni niliikuta chini ya godoro
nikibadilisha shuka. Imefunguliwa, imekunjwa mara nane.
Sikukugombeza. Kuficha barua ulifundishwa na nani?
Droo ya jikoni imejaa za kwangu.

Nikaenda nayo kazini, kwenye joto la mashine za hoteli,
Halina akanisomea. Kiingereza chake cha kuungaunga,
changu cha kupapasa,
tukasaidiana vile tunavyokunja shuka za vitanda vikubwa,
kona kwa kona, mpaka tukakutana katikati.
Barua haikuwa kali.
Inasema unajua. Daftari lako linajua.
Inasema darasani mdomo haufunguki,
na mkono haujapanda hata siku moja.
Inauliza kama nyumbani huwa unazungumza.

Nyumbani!
Wewe unayebishana na lifti ikikwama,
unayemsimulia Bwanaheri hadithi
mpaka mtoto wa watu anaomba maji!

Basi Jumanne na Alhamisi, nikitoka zamu,
naingia maktaba, ghorofa ya pili,
darasa la watu wazima.
Jana mwalimu aliuliza jambo, jibu nilikuwa nalo,
na mkono wangu ukawa mzito kama taulo lililolowa.
Hapo nikakuelewa. Wallahi nikakuelewa.
Ulifika sikioni, ukashuka.
Ukapanda tena.
Nilikosea. Hakuna aliyekufa.
Mzee mmoja wa Eritrea akanipa peremende.

Novemba hii kutakuwa na mkalimani.
Fomu nimeijaza mwenyewe, kwa wino, sikufuta herufi.
Wewe utakaa tu, miguu ikining'inia,
usibebe maneno ya watu wazima.
Nikisikia kibaya, nimekisikia.
Tutarudi nacho kwa basi, tutakitazama.

Na kila jioni nifundishe neno moja la shuleni,
hata lile la sehemu za kumi lililokuliza.
Mimi nitakufundisha moja la kwetu:
"Sijaelewa. Rudia."
Liseme. Kwa sauti. Zaidi,
jirani wa chini alisikie.
Ukishaliweza kwa lugha hii
ile nyingine itaona haya kukukatalia.

Haya. Viatu nimevijaza magazeti,
umevilowesha tena madimbwini.
Funga macho, hata kama nje hakujawa usiku.
Kalamu yako ya kijani naiazima.
Nina zoezi la kumaliza.