Chuma Chenye Kulia

Nilianza na nondo ya milimita kumi na mbili,
iliyobaki msingi wa duka la Mbarouk, pale Wete.
Nikaiponda mpaka ikawa bapa,
nikaikunja kwenye goti, ikakunjika.
Nikaisubiri inyooke.
Ikabaki vile vile, imeinama kama mtu anayedaiwa.

Upanga wa razha si wa kukatia.
Unautikisa, unalia, unarudi ulikokuwa.
Ule wa babu uliuzwa mwaka karafuu zilipokosa bei,
kwa mtu aliyekuja na mizani
akaupima pamoja na sufuria.
Na harusi ya Zuleikha ni Mfungo Pili,
na mimi, mchomea madirisha,
nimeshajisemea mbele za watu: nitautengeneza.

Tupa kuukuu nilipewa na Shaame wa Limbani.
Tupa ni ngumu, ndiyo, lakini ina hasira:
iliniponyoka mara moja tu
ikawa tupa mbili.
Shaame hakuacha kutafuna mua.
"Ngumu kitu chengine, nzuri kitu chengine," akasema,
"na hiyo uliyoivunja utanilipa."

Chake Chake, kwa wanunuzi wa chuma chakavu,
nilikwenda na jiwe langu la umeme begani
nikaomba kuonja.
Mguu wa kitanda cha spitali: cheche ndefu, chache,
zinaanguka bila neno.
Bomba la maji: hivyo hivyo.
Jembe: kidogo, kidogo, nusura.
Mwenye yadi akanambia, "Nunua au nenda,
hapa hatuonji, si tende."

Nilirudi na baskeli kwa njia ya Kinyasini,
mikono mitupu, mnyororo unaruka meno,
na hapo skuli yetu ikagonga.

Miaka saba nimeisikia sauti ile
nikaitika kwa miguu, sikuwahi kuitika kwa masikio.
Ilianza juu, ikabaki juu,
ikapita mikarafuu, ikafika kwa wanaoanika,
na ilipokuwa ishakwisha
bado ilikuwamo kwenye usukani wa baskeli.

Jani la springi. Lori la zamani, la kubebea makonyo.
Limefungwa kwa waya kwenye fenesi,
kutu juu, na pale panapogongwa
peupe kama jino.

Nililigusa na jiwe, ukingoni tu.
Cheche ikatoka, ikapasuka,
kila tawi likazaa tawi,
shada zima la karafuu, vikonyo na vichwa vyake,
likazimika kabla sijalichuma.

Mwalimu Bikombo alikuwa nyuma yangu na rejista.
Nilimweleza: razha, babu, mizani.
Akanisikiliza kama anavyosikiliza
waliochelewa.
"Chukua," akasema. "Lakini kesho saa moja na nusu
watoto wasikose kengele."
Nikamtundikia rimu ya gari, nzito, nzima.
Akaigonga. Akanitazama.
"Hii inasema. Ile ilikuwa inaita."

Nimekata kipande cha kidole, nikakitia moto
mpaka sumaku ikakikataa,
nikakizamisha kwenye mafuta ya nazi, nikakivunja.
Ndani chembe zake laini, kijivu, kama majivu ya makumbi.
Tupa ikiteleza juu yake haipati pa kushika.
Ndicho. Hakuna chengine.

Usiku wa tatu sasa kimelala uvunguni.
Makaa ninayo, nyundo ninayo.
Time, mke wangu, anauliza nasubiri nini.
Nikamwambia moto huu ni wa kusahaulisha:
chuma kikiwiva hakikumbuki
kilikuwa kimepinda wapi, kilibeba nini,
nani alikigonga.
"Basi si ndivyo unavyotaka?"

Sikumjibu. Nikakivuta, nikakining'iniza kwa kamba,
nikakigonga kwa fundo la kidole, taratibu,
nisikie tu.

Ng'ambo ya ua mlango ukafunguka.
Mtoto wa jirani, darasa la pili,
katoka mbio na mkoba, kiatu kimoja,
akasimama gizani anatutazama,
Jumamosi, saa tatu ya usiku.