Uzi wa Rangi ya Vumbi

Cherehani yangu iko Kariokor, juu ya duka la viatu vya ngozi.
Oda ya kwanza aliileta Sajini Lotukoi
kwenye bahasha ya kaki iliyonuka sigara:
beji mia mbili, duara la buluu,
bendera saba zimemzunguka njiwa.
"Waangalizi tu, mama. Wiki sita."
Njiwa si kazi. Uzi mweupe,
jicho moja jeusi, basi.

Mwezi wa tatu akarudi. Beji elfu moja na mia nne.
Njiwa atoke, aingie mkuki.
Sikuuliza. Redio ya fundi viatu ilikuwa imeshasema
mji fulani ng'ambo ya maziwa umelala wa mtu mmoja
ukaamka wa mwingine.

Nyinyi mnaijua vita kwa ramani.
Mimi naijua kwa uzi.
Buluu ikipanda bei, wanazungumza.
Rangi ya vumbi ikiadimika Mtaa wa Biashara,
wameacha.
Huko Gigiri walipokuwa bado wanavutana juu ya koma moja,
mimi nilishaambiwa niandae kiwembe:
bendera mbili zimejitoa,
zifumuliwe kabla ya Ijumaa.

Kufumua kunachosha kuliko kushona.
Rangi inatoka, matundu yanabaki.
Inua beji dirishani
utaiona nchi nzima kwa vitone vya mwanga.

Kisha zikaja ndege zisizo na rubani
na mipango yote ikaandikwa upya.
Sajini akasema uzi usimeremete tena,
kuna jicho juu, halipepesi.
Basi beji ya nini, kama askari hatakiwi kuonekana?
Akacheka. Akanyamaza.
"Ya kumtambua, mama."

Mtaa huu mnajua ulikopata jina.
Babu wa babu yangu alibeba risasi za wenyewe
kichwani, hadi Tanganyika,
shingoni kipande cha bati chenye namba.
Bati lilirudi.
Nyumbani hakuna aliyejua kusoma namba.

Oda ya saba ni hii: beji ndogo, kijivu,
mkuki umebaki, bendera hakuna hata moja,
pembeni nimeachiwa nafasi ya upana wa kucha.
"Tutajua baadaye nani yumo."
Nimeshona elfu tatu za nafasi hiyo.

Jana jioni Mutheu wa kaka yangu kaja na koti lake jipya,
limekunjwa kwa pembe kama walivyomfundisha,
na beji mkononi. Nikaujua mshono wangu.
Nikaipiga mzunguko mmoja, nikaipiga wa pili,
nikaanza wa tatu.

"Shangazi, mbona unashona sana hivyo?"

Nikakata uzi kwa meno.
Nikamwambia huko kuna upepo.