Mgeni wa Nyonga

Miaka kumi na minane nilianika singa Ngomeni
na mwili wangu haukukaribisha mwiba hata mmoja.
Uliingia kiganjani, mwembamba kama ukope,
nikasema huu ni wa kwetu, tumekua pamoja,
jirani wa dirishani.
Usiku kiganja kikapwita, kikawaka.
Kesho yake usaha ukautoa nje
kama mpangaji aliyelimbikiza kodi:
godoro barazani, sufuria juu yake.

Basi siku ile Bombo,
Daktari Sekibaha aliponipakatisha nyonga ya titani,
nyepesi kuliko nilivyoogopa,
kichwa chake kinang'aa kama kitasa cha ofisi,
nilicheka. Huyu?
Mkonge wenyewe umefukuzwa.
Huyu asiye na mama wala mtaa
atapokewa kwa ukoo gani?

"Hatumwombei apendwe, Mama Singano," akasema.
"Tunamwombea asishtukiwe."

Damu ilifika kwanza, ikamlowesha, ikamvika protini
(hivi ndivyo alivyonieleza; chumvi nimetia mwenyewe).
Kisha chembe nyeupe, mgambo wa zamu,
zikamzunguka, zikamgonga, zikamlamba.
Hana kutu. Hana harufu. Hajibu.
Nyingine zikaungana, nne, kumi, zikawa jitu moja
likapanua kinywa, likashindwa kummeza.
Uzi wa mshono ziliuyeyusha, zikaula.
Yeye hapana.
Siku ya tatu hakuna aliyempa jembe.

Kitanda cha pili alilala Mwanamkuu wa Pongwe.
Chuma kilekile, mkono uleule uliokitia,
na mguu wake ukavimba, ukakataa katakata.
Wadudu, walisema. Walikitoa Ijumaa.
Usiku nilimsikia akiuuliza mguu,
taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto kilichovunjika.
Sikuwa na la kumwambia.

Mimi, wiki ya kumi na mbili,
daktari aliinua picha ya eksirei dirishani,
akatafuta kwa kalamu mpaka wa mfupa na chuma.
Hakuupata vizuri.
Mfupa ulikuwa umechomeka vidole
katika vitundu vyake, kimya kimya,
bila kuniuliza mimi mwenye nyumba.

Sasa naswali kwenye kiti. Sichuchumai.
Masika ikiingia hujua kabla ya redio.
Lango la benki hupiga kelele nikipita,
mlinzi huniuliza, mama, una nini?
Namwambia nina mtu ndani.

Na jana, nikifagia uani,
mwiba wa mkonge umenichoma tena, kidole hiki.
Kimeshaanza kupwita.