Safu ya Mwisho ya Jedwali

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na sisi hapa Hovdi tuna madaftari saba:
la upasuaji, la wodi, la dharura, la damu,
la usingizi, la wanaoruhusiwa,
na lile jembamba la mochwari
ambalo peke yake halina doa la chai.

Nimepewa wiki mbili na meza kando ya bomba la joto.
Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
wino umegoma, naandika kwa penseli.
"Hesabu," alisema Daktari Luvsandorj, "usisimulie."

Basi nahesabu.
Upasuaji elfu moja mia tatu na kumi na mbili.
Vidole tumbo mia mbili na sita; kumi na tisa vilikuwa vizima,
vimekatwa bure, na samahani yao haina safu.
Mafuko ya tegu la mbwa kwenye ini, arobaini na moja:
kila mchungaji ana mbwa, kila mbwa ana siri.
Mifupa ya walioanguka farasi; Julai imefurika,
mwezi wa mbio, wapanda farasi wa miaka saba, tisa.
Henia. Henia. Henia.
Mtoto na sufuria ya chai ya maziwa.

Jina moja limo karibu kila ukurasa,
katika kisanduku kidogo cha mtoa usingizi:
Enkhtuul usiku wa manane, Enkhtuul alfajiri,
Enkhtuul siku ya sikukuu.
Amelaza watu elfu moja na tisini
na fomu haiulizi yeye alilala lini.

Nikachora: saa za zamu huku, mishono iliyotunga usaha kule.
Mstari ukapanda kama homa,
kilele chake Februari.
Nikauliza kulikoni. Muuguzi akacheka:
"Si ndipo mashine ya mvuke ilipokufa,
tukachemsha vyuma kwenye masufuria ya jikoni?
Nawe ulikuwepo."
Nilikuwepo.

Imebaki safu ya mwisho: HALI SIKU YA THELATHINI.
Mzima, au la. Alama moja.
Mafaili yamenyamaza, kwa hiyo napiga simu,
milima kwa milima, sauti ikikatika kama uzi mbovu.
Kwanza naulizia mifugo, imevukaje baridi,
maana huwezi kuanza na kifo.

Mtoto akapokea. "Baba hayupo."
Kimya. Mbwa akabweka ndani ya simu.
Neno moja tu, na mimi nimening'inia
kati ya aliyetoka na aliyetutoka.
"Hayupo vipi, mwanangu?"
"Kafuata farasi. Mmoja kavuka mto juu ya barafu."
Nikatia alama: mzima.
Penseli ikavunjika.

Faili la mia na arobaini, Gombosuren, utumbo uliojisokota.
Mkewe alijibu kama aliyeingojea simu mwaka mzima:
"Siku ya thelathini alikunywa mchuzi,
akauliza bei ya sufu ya mbuzi.
Siku ya thelathini na tatu tulimpeleka mlimani."
Kisha akanishukuru. Sijui kwa nini.

Kwa kanuni, mzima.
Kwa kanuni nimefaulu,
kwa sababu mkono ulioshona ulikuwa huu.

Nikaandika pembeni, nje ya jedwali,
pale karatasi isipokuwa na mistari:
siku tatu zaidi.

Luvsandorj alisoma akiwa wima, koti mwilini, theluji begani.
"Hii si safu."
"Najua."
"Wizara haitaisoma."
"Najua."
Akaitafuta rula, akaikosa,
akachora kwa ukingo wa kadi yake ya kazi
mstari kutoka juu hadi chini, umepinda karibu na Machi.
"Ipe jina," akasema, akaenda zake.

Sijaipa.
Saa tisa usiku kengele imelia: mvulana, tumbo, upande wa kulia.
Enkhtuul yuko ngazini tayari,
anafunga nywele,
pini mbili mdomoni.